Virusi Vina Sura Nyingi, Wajibu Wetu ni Mmoja

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kaskazini, akiisha kupita Mkata na kufika Segera katika Wilaya ya Handeni, hukuta njia panda. Mkono wa kulia ni njia ya Muheza na Tanga. Mkono wa kushoto ni njia ya Korogwe, Same, Moshi na Arusha. Usiku na mchana malori na mabasi hupita hapo, na watu wa kila kabila hushuka, hula, hulala na huondoka. Wala jambo hili si la jana. Tangu enzi za mashamba makubwa ya mkonge, yaliyowaleta manamba kutoka Kigoma, Songea na nchi za jirani, Handeni na Korogwe zimekuwa mahali pa makutano. Watu wamekutana, lugha zimekutana, na biashara imekutana. Maradhi nayo hukutana.

Leo twataka kunena juu ya makutano yasiyoonekana kwa macho. Wengi wetu tumezoea kusema "virusi vya UKIMWI" kana kwamba ni kitu kimoja chenye sura moja duniani kote. Sivyo. Wataalamu wametuonyesha kwamba virusi vya kundi kuu, lile lililoenea ulimwenguni, vimegawanyika katika aina ambazo wamezipa herufi: A, B, C, D na nyinginezo. Aina C peke yake yachukua karibu nusu ya watu wote duniani walioambukizwa. Aina B, iliyoenea sana Ulaya na Marekani, haizidi sana mtu mmoja katika wanane. Hapa Tanzania aina zilizo nyingi ni A, C na D. Katika Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, uchunguzi ulikuta aina A na D. Mbeya ilikutwa zaidi aina C. Dar es Salaam na Kilimanjaro zimekutwa zote tatu. Tena, aina mbili zikiingia katika mwili wa mtu mmoja, zaweza kuzaa chotara, mwenye kipande cha huku na kipande cha kule. Machotara hao nao wamekwisha onekana nchini mwetu.

Habari hizi zikifika kijiweni bila maelezo, huweza kuzaa makosa mawili. Kosa la kwanza ni kusema: "Kama virusi vyetu si vile vya Wazungu, basi dawa zao hazitufai, na tuache kuzimeza." Kosa la pili ni kusema: "Haya ni mambo ya mabingwa wa ng'ambo, sisi tungoje tu watakachotuletea." Kosa la kwanza humwua mtu. La pili huifanya nchi kuwa ombaomba wa milele. Sisi twasema kwamba yote mawili yatokana na kutojua, na adui ujinga hapigwi kwa kufichwa mambo, bali kwa kuelezwa. Kwa hiyo na tueleze.

Mwili wa kila kiumbe, na hata kirusi kisichoweza kuishi peke yake, hutumia kitu kiitwacho protini. Protini ni mfano wa uzi wa shanga. Shanga zenyewe ni za aina ishirini tu, lakini zaweza kutungwa kwa mpango usiohesabika. Uzi huo hauachwi ukining'inia. Hujikunja na kujifunga hata ukapata umbo lake, na umbo hilo ndilo kazi yake. Jembe na shoka vyote ni chuma, lakini umbo la kila kimoja ndilo liuambialo mkono kazi ya kufanya. Badili shanga moja mahali pasipo na maana, na umbo litabaki vile vile. Badili shanga moja mahali penye maana, na mkono uliokuwa ukishika hautashika tena.

Sasa kirusi cha UKIMWI kina protini za nje na protini za ndani, na tofauti hii ndiyo tuombayo msomaji aishike barabara. Nje, kimevaa ganda lenye vishikio, kila kishikio kikiwa kimeundwa kwa sehemu tatu zilizoshikamana. Kwa vishikio hivyo kirusi hukamata chembe za damu zilizo walinzi wa mwili, na kuingia ndani yake. Juu ya vishikio hivyo pameota minyororo ya sukari, iliyotanda kama majani juu ya mtego, ili askari wa mwili wetu wasipaone mahali pa kushika. Ganda hili ndilo libadilikalo kuliko kitu kingine chochote katika kirusi. Ukilinganisha shanga za ganda la aina moja na za aina nyingine, tofauti huweza kufikia asilimia 35.

Tutoe mfano mmoja. Iko kingamwili moja ambayo wataalamu waliipa jina la 2G12. Hiyo hushika sukari zilizo juu ya ganda, na huviweza virusi vingi vya aina B. Lakini aina C, iliyo yetu sisi wa Afrika, mara nyingi haina sukari mahali panapohesabiwa kuwa pa 295. Basi 2G12 ifikapo hapo hukosa pa kushika, na kirusi hupita salama. Sukari moja tu imekosekana, na silaha imekuwa kijiti.

Watu wa Korogwe hawahitaji kwenda mbali ili kuliamini jambo hili, maana wao wenyewe walishiriki kulithibitisha, si kwa UKIMWI, bali kwa malaria. Tangu mwaka 2009 hata 2014, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo kumi na kimoja vya nchi saba za Afrika. Korogwe, penye maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ilikuwa mojawapo ya vituo hivyo, na Bagamoyo ilikuwa kingine. Akina mama waliwabeba watoto wao, wakakubali wadungwe sindano na watolewe damu, wakarudi tena na tena kwa miezi mingi. Chanjo ile ilikuwa imetengenezwa kwa kufuata protini ya ganda la mdudu mmoja wa malaria. Je, wadudu wa vijijini mwetu walifanana na huyo? Wataalamu walizisoma damu za watoto, na mwaka 2015 wakatangaza jibu. Kwa watoto waliokuwa na umri wa miezi 5 hata 17 walipoanza kuchanjwa, chanjo iliwakinga kwa asilimia 50 katika mwaka wa kwanza pale mdudu alipofanana na yule wa mfano. Pale alipokuwa na sura nyingine, kinga ilishuka hata asilimia 33. Chanjo ilikuwa ni ile ile, na watoto walikuwa ni wale wale. Iliyobadilika ni sura ya protini ya adui. Hata hivyo kazi ile haikupotea, kwani Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika.

Somo hilo la Korogwe ndilo linalojirudia katika UKIMWI, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu ganda la kirusi cha UKIMWI hubadilika kupita kiasi. Mwaka 2016 ulianza uchunguzi mkubwa wa kingamwili iitwayo VRC01. Upande mmoja wa uchunguzi huo uliwahusu wanawake zaidi ya 1,900 wa nchi saba za Afrika, na Tanzania ikiwamo. Mwaka 2021 matokeo yalitangazwa. Kwa jumla, dawa ile haikuzuia maambukizo. Lakini walipovichambua virusi vyenyewe, waliona kwamba vile ambavyo ganda lake lilishikika vizuri vilizuiwa kwa asilimia 75. Shida ni kwamba virusi vya namna hiyo havikuzidi sana theluthi moja ya vile vilivyokuwa vikienea. Silaha ilikuwa nzuri, ila ilitengenezwa kwa shabaha moja, hali adui alikuwa na sura nyingi.

Wananchi wetu hawakukaa pembeni katika kazi hii. Kuanzia mwaka 2007, askari polisi 60 wa Dar es Salaam walijitolea kujaribiwa chanjo iliyochanganya vipande vya aina mbalimbali za virusi, katika kazi iliyoongozwa na mabingwa wa Muhimbili. Karibu wote miili yao iliitikia chanjo hiyo. Kutoka mwaka 2020 watu wa Dar es Salaam na Mbeya, pamoja na ndugu zao wa Masaka huko Uganda na Durban huko Afrika ya Kusini, walijaribu chanjo nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2023 uchanjaji ukasimamishwa, baada ya kuonekana kwamba chanjo hizo hazingeweza kuzuia maambukizo. Mtu asiwacheke watu hawa. Mkulima apandaye mbegu tatu ili ajue ni ipi isiyoota katika udongo wake, amekwisha jua jambo ambalo aliyekaa nyumbani halijui.

Sasa turudi kwenye kosa la kwanza, maana hapo ndipo roho za watu zilipo. Dawa tunazomeza hazishughuliki na ganda la nje. Zaingia ndani, katika karakana ya kirusi, na kuzuia mashine zake. Mashine hizo nazo ni protini, lakini hazina uhuru wa kubadilika kama ganda, kwa kuwa mashine iliyogeuzwa mno haifanyi kazi. Iko, kwa mfano, protini iliyo kama mkasi, ikatayo nyuzi ndefu za kirusi ziwe vipande vya kazi. Mkasi huo una mapande mawili, kila pande shanga 99. Katika aina A, C na D shanga ya 36 mara nyingi si ile iliyo katika aina B. Lakini makali ya mkasi, mahali dawa inaposhika, ni yale yale. Kwa hiyo dawa iliyotengenezwa kwa kutazama aina B hushika pia mkasi wa aina zetu.

Hatusemi kwamba tofauti za ndani hazina maana kabisa. Tungesema hivyo, tungewadanganya wasomaji. Dawa za efavirenzi na nevirapini, zilizotumika sana nchini kwa miaka mingi, zilipomezwa kwa kurukaruka, kirusi kilijifunza kuzikwepa. Katika mashine ile inayonakili urithi wa kirusi, aina B ilipokwepa kwa kubadili shanga ya 106, mara nyingi iliweka shanga ya namna moja. Aina C, kwa sababu ya maandishi yake ya urithi, iliweka ya namna nyingine, kwa kuwa kwake njia hiyo ilikuwa fupi zaidi. Njia hii ya ukwepaji ilitambuliwa kwa kuvichunguza virusi vya aina C vyenyewe. Kama wataalamu wangetazama aina B tu, wasingeijua.

Lakini tangu mwaka 2019 nchi yetu ilianza kuhamia kidonge chenye dolutegraviri, pamoja na tenofoviri na lamivudini, kidonge kimoja kwa siku. Dawa hiyo huviweza virusi vya aina A, B, C na D pamoja na machotara wao. Kwa hiyo yule dereva wa lori anayelala Segera, yule mkata mkonge wa Korogwe, na yule mama wa Handeni anayefuata dawa zake kliniki, wasikie maneno haya kwa masikio yote mawili: aina ya virusi vyako si sababu ya kuacha dawa hata siku moja. Mtu ameza dawa kila siku, wingi wa virusi katika damu yake hushuka hata kipimo kisivione; naye akiendelea hivyo, hawezi kumwambukiza mwenziwe kwa kujamiiana. Anayeacha dawa ndiye anayempa kirusi nafasi ya kujifunza.

Tena iko sababu nyingine ya kutochelewa. Wanawake wa Dar es Salaam waliofuatwa kwa miaka kadhaa, kabla dawa hazijapatikana kwa wote, walionyesha kwamba waliokuwa na aina D walidhoofika upesi kuliko waliokuwa na aina A. Uganda nayo iliona vivyo hivyo. Siku hizi dawa zipo, na afadhali mtu apime mapema na kuanza mapema, maana hakuna ajuaye kwa kujitazama katika kioo ni aina gani aliyo nayo.

Tumemaliza na kosa la kwanza. Kosa la pili ni la kungoja. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa tangazo la siku moja, na katika nchi nyingi za Afrika kazi za UKIMWI zikatikisika, utafiti wa chanjo ukiwamo. Hatuandiki haya ili kulaumu. Mwenye fedha zake ana haki ya kuzifunga mfukoni. Twaandika ili kuuliza: ikiwa virusi vya Handeni si sawa na vya Chicago, ni nani aliye na sababu kubwa zaidi ya kuvichunguza? Mtu wa Chicago akichoka, kwake hakuna kilichoharibika. Sisi tukichoka, tutangoja kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wa mwingine, kisha tulalamike kwamba mikono ni mifupi.

Tena matunda ya kujaribia kwetu yamekwisha onekana. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya sindano ya kukinga iitwayo lenakapaviri, idungwayo mara mbili kwa mwaka. Hiyo hushika protini ya ganda la ndani, lile linalohifadhi urithi wa kirusi, ambalo halibadiliki ovyo kama la nje. Katika wanawake vijana 2,134 wa Uganda na Afrika ya Kusini waliopata sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Twajua kwamba yafaa kwa Afrika kwa sababu ilijaribiwa Afrika.

Tunasikia watakaosema: "Handeni watu wangali wanahangaika na maji, na zahanati zingine hazina vitanda, ninyi mwataka mashine za kusoma shanga za virusi?" Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa dharau. Maji ni uhai, na hatusemi yangoje. Lakini nchi iliyosubiri mpaka haja zake zote za leo ziishe ndipo ifikirie kesho, haijapata kuonekana. Maabara ya Korogwe haikujengwa baada ya umaskini kwisha Korogwe. Ilijengwa katikati ya umaskini huo, na ikawapa ulimwengu na watoto wetu kitu ambacho hospitali kubwa za ng'ambo hazikuweza kukitoa peke yake.

Kwa hiyo basi, sisi twadai mambo manne. La kwanza, Serikali iweke katika bajeti yake fungu la utafiti lisilotegemea hisani ya mtu, na Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI upate fedha za kutosha kutoka humu nchini. La pili, damu za wananchi zisomwe humu nchini na vijana wetu waliosoma, na zikipelekwa nje, mtaalamu wetu aende nazo kama mshiriki, si kama mpagazi. La tatu, kila utafiti urudishe majibu yake kwa watu waliotoa damu, kwa Kiswahili, katika mkutano wa kijiji, hata kama majibu ni kwamba jambo limeshindikana. La nne, matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi yafanye kazi ya kuelimisha, hasa mashambani na katika vituo vya magari, ili mwenzetu anayemeza dawa asifichwe wala asichekwe.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa liliwataja maadui wake kuwa ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika jambo hili wote watatu wamesimama mahali pamoja, mmoja akimlinda mwenziwe. Adui anayebadili sura hashindwi na mtu mmoja, wala na nchi inayongoja. Atashindwa na mgonjwa asiyeruka dozi, na mama anayempeleka mtoto wake kwenye utafiti akijua sababu. Atashindwa na kijana wa maabara asiyelala, na Serikali inayolipa gharama ya kujua. Ndugu wa Handeni na Korogwe, ninyi mmekwisha onyesha kwamba yawezekana. Sasa ni zamu ya taifa zima kufuata.